Mwaka Niliopata Baba Saba

Mwezi uliopita tulimuaga Mzee Okumu. Alikuwa wa mwisho kati ya wale saba, na miaka yake ya mwisho macho yalikuwa yamemwacha, lakini ukimsalimia alikujua kwa sauti. Kanisani, kabla Misa haijaanza, bintiye mkubwa, Atieno, alinifuata kwenye benchi nilipokuwa nimekaa na akina mama wenzangu, akanishika mkono, akanipeleka mbele na kuniketisha kati yake na kaka yake. Sikubisha. Baadaye tulipokuwa kwenye foleni ya chakula, basi la kusafirisha mwili hadi Siaya likiwa limeshawashwa nje, kijana mmoja wa kwaya asiyenifahamu aliniuliza kwa adabu kabisa, "Shosho, pole sana. Wewe ni wa mke wa kwanza ama wa pili?" Mzee Okumu alikuwa na mke mmoja maisha yake yote, na mimi ni Mkikuyu wa kuzaliwa. Nilicheka pale msibani mpaka kijana akaona haya. Nikamwambia, "Ni hadithi ndefu, mwanangu. Chukua chapati kwanza." Foleni ikasonga, basi likaondoka, na hadithi sikumpa. Ninaiandika sasa, kwa kuwa wanaojua jinsi nilivyopata kuwa binti wa Mzee Okumu wamebaki wachache, na wachache hao nao wanasahau.

Habari za baba aliyenizaa sitazieleza. Hakuwa na sehemu katika mwaka ninaousimulia, na hilo ndilo lililokuwa tatizo. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili. Mimi na mama tulipanga Dandora, katika ploti ya vyumba vya mawe vilivyozunguka ua mmoja na bomba moja la maji. Vyumba vyetu vilikuwa viwili: kimoja cha kulala, kingine cha mambo mengine yote, na nje kulikuwa na kibanda cha mabati tulichokiita jikoni. Viti vilifunikwa vitambaa alivyofuma mama mwenyewe. Ukutani kulikuwa na picha ya Moyo Mtakatifu, na kando yake kalenda ya kampuni ya unga. Upepo ukigeuka kutoka upande wa jalala kubwa la mji tulifunga madirisha bila kukatiza mazungumzo. Mama aliuza viazi na kabichi karibu na steji ya matatu. Mimi nilishona sare za shule Eastleigh, kwenye chumba cha ghorofani cha Mama Halima, mwanamke Msomali aliyependa mishono iliyonyooka na hakupenda redio. Jumapili tulikwenda Misa ya pili, na huko kwenye kwaya, safu ya nyuma kwa waimbaji wa besi, ndiko alikokuwa Kariuki.

Kariuki alikuwa kibarua katika kiwanda cha vyuma kule Industrial Area na alikaa Mukuru kwa Reuben, lakini Jumapili alivuka mji wote kuja kuimba na sisi, kwa sababu alikuwa ameimba pale tangu enzi za shule, alipokuwa akilelewa na baba yake mkubwa. Tulipendana zaidi ya mwaka mzima bila kelele. Aliponiambia kwamba amezungumza na watu wake nilifurahi nikashona mkono wa shati ndani nje. Wiki iliyofuata, baada ya mazoezi, aliniita pembeni pale kwenye ngazi za kanisa.

"Nyambura, kuna kitu. Wazee wanauliza, wakija watakaa na nani?"

"Watakaa na mama."

Akatazama viatu vyake. "Baba Mkubwa amesema hawezi kuvaa koti aende kukaa na mwanamke na kuta."

Siwezi kusema nilishangaa. Nilijua mila inavyotaka. Watu wa mvulana wakija kujua nyumbani kwa msichana, hupokewa na wazee wa msichana. Mzee huongea na mzee, na mama hubaki na wanawake wenzake. Sisi hatukuwa na mzee hata mmoja. Wajomba zangu walikuwa wamekata uhusiano na mama tangu nilipokuwa nikinyonya, na wa upande mwingine sikuwajua hata kwa sura. Nilimkuta mama akimenya viazi, nikamwambia yote pamoja na lile la kuta, kwa kuwa sikujua kumficha. Hakulia. Alimaliza viazi vilivyokuwa kwenye karai, akanawa mikono, akabadilisha leso, akaenda kwa padri. Padri wetu wakati huo alikuwa mtu wa mzaha. Alimsikiliza, kisha akamwambia, "Mama Nyambura, mimi hao wazee hawatanikubali. Sina mke, sina hata mbuzi. Nenda kwa Ndugu wa Simoni."

Ndugu wa Simoni kilikuwa chama cha wanaume wa parokia, na jina lilitokana na yule mtu wa Kirene aliyeshikwa njiani akabebeshwa msalaba usiokuwa wake. Siku za sikukuu walivaa utepe wa kahawia shingoni. Siku nyingine ungewatambua kwa jasho. Ndio waliosimamisha hema, waliogongelea mabenchi misumari, waliozibua mtaro wa nyuma ya kanisa mvua ilipoukasirisha. Mtu akifa hana watu wa kumbeba, mabega yalikuwa yao. Leo parokia ina kampuni ya mahema na watu wa kulipwa wa kupanga viti, na sisemi ni vibaya, viti vinapangika. Lakini siku zile, ukiona jambo zito linahitaji kuinuliwa, uliangalia kama wale wazee wamefika. Walikutana kila Jumapili baada ya Misa ya pili, katika chumba cha nyuma ya sakristia chenye ngazi, mikebe ya rangi, machela ya kubebea maiti iliyoegemezwa ukutani, na meza moja ndefu iliyojaa alama za vikombe. Kati ya chumba hicho na jiko la parokia palikuwa na ukuta wa mbao tu. Jumapili ile mama alipoingia, mimi nilijitia kuosha vikombe jikoni, na nikasikia kila neno.

Mama hakuwa mtu wa hotuba. Alisema, "Mwanangu ameposwa. Watu wa kijana wanataka kuja na sina wanaume wa kuketi. Naomba wanaume wa kuketi, siku moja tu." Kiti kikalia. Mtu akakohoa. Kisha nikamsikia Githinji, aliyekuwa akiuza makaa, ambaye kati yao ndiye aliyekuwa Mkikuyu peke yake, akisema kwamba jambo hilo lina watu wake. Linataka watu wa mbari. Yeye ni Mkikuyu lakini si wa mbari ya Mama Nyambura, na hawa wengine si Wakikuyu kabisa. "Wale wazee watatucheka," alisema. "Na mila haichezewi."

"Simoni alikuwa wa mbari gani pale Yerusalemu?" Hiyo ilikuwa sauti ya Mzee Okumu, mwenyekiti wao. Alifanya kazi kwenye kiwanda cha sabuni, na hata ungemkuta amechoka namna gani, alinukia kama shati lililofuliwa. "Alikuwa mtu anapita tu. Na sisi tunapita. Mimi nasema tukae."

Wengine wakaguna kukubali. Ndipo Wanyonyi akasema, "Mimi napinga."

Wanyonyi alikuwa fundi wa magari, mrefu, mzito wa maneno, na watoto wa kanisa walimwogopa. Nilisimama na kikombe mkononi. "Kubeba jeneza ni kazi ya asubuhi moja," alisema. "Ukishalishusha unapangusa mikono, unarudi kwako. Msichana si jeneza. Leo tukikaa mbele ya watu tuseme huyu ni wetu, kesho akilia huko alikoolewa atagonga mlango wa nani? Kama ni kukopesha makoti kwa siku moja, mimi simo."

"Mimi niliomba siku moja tu, baba," mama alisema.

"Najua, mama. Ndiyo maana napinga. Kama ni baba, tuwe baba. Kama si hivyo, tumwambie huyu mama ukweli aende."

Kisha Mzee Okumu akasema kwamba kila mtu ajiulize mwenyewe, na anayeweza kuwa baba mpaka kufa kwake ainue mkono, na asiyeweza asione haya, kwani chama kina kazi nyingine tele. Niliambiwa na mama baadaye kwamba mikono iliyoinuka ilikuwa saba, na wa mwisho kuinuka ulikuwa wa Wanyonyi.

Nilidhani yaliyobaki ni kungoja siku ya wageni. Sikujua kwamba walikuwa wamelichukulia neno lile kama lilivyo. Jumamosi ya kwanza, jioni ikianza kuingia, Mzee Okumu alibisha hodi akiwa na mkewe Mama Atieno na samaki wawili wakubwa ndani ya gazeti. "Nyumba nitakayoisemea," alisema akiketi, "lazima nijue chai yake ina sukari kiasi gani." Mama Atieno aliingia jikoni kwetu kana kwamba alikuwa amesahau kitu humo siku ya jana, akamfundisha mama kupika samaki mzima na kichwa chake, na mama, ambaye hakuwa amewahi kupika samaki mwenye macho, alifunga ya kwake huku akimgeuza. Tangu siku hiyo kila Jumamosi alikuja mmoja. Walikula tulichokuwa nacho. Walimsikiliza mama akieleza bei ya kabichi. Mmoja alirekebisha bawaba ya mlango bila kuulizwa. Siku hizi nikisikia watu wakisema malezi ni gharama, nawakumbuka wale waliokuja wakakaa tu, wakajua jina la jirani yetu mgonjwa na wakati maji yanapokatika. Lakini wakati huo niliona kero. Nilikuwa nimezoea nyumba ya wanawake wawili, na sasa kila Jumamosi kulikuwa na mwanaume ananiuliza nimeshindaje kazini.

Aliyenikera zaidi ni Wanyonyi. Alikuja peke yake, maana mkewe alikuwa Bungoma shambani. Alikunywa chai yake, akaangalia dari, kisha akaniuliza, "Huyo kijana akikasirika hufanya nini?"

"Hajawahi kukasirika mbele yangu."

"Na akiogopa?"

"Sijamwona akiogopa."

"Basi hujamjua," alisema, akaomba chai zaidi. Nilimmiminia mpaka ikafurika kwenye sahani.

Huku nyuma Githinji, kwa kuwa alishakubali, alikuwa ameamua mila itafuatwa hata kama ni yeye peke yake anayeijua. Jumapili aliwafunza wenzake kwenye kile chumba: nani huanza kusema, nani hunyamaza, nyama haiguswi mpaka lini, wageni wakitaja jambo kwa mafumbo mtu asiwajibu wazi. Nilikuwa nikisikia kupitia mbao Mjaluo, Mkamba na Waluhya wakirudia pamoja salamu za Kikikuyu kama watoto wa nasari, na Githinji akiwakatiza, "Hapana, Mzee Okumu, umemwita mgeni mbuzi. Rudia."

Wageni walikuja Jumamosi baada ya Pasaka. Tuliazima viti ploti nzima. Mama na Mama Atieno walikuwa wamepika tangu alfajiri: maharage meusi ya njahi, mukimo wa viazi na mahindi yaliyopondwa, mbuzi, na wali kwa wale wasiopenda mukimo. Wazee wangu saba walikaa upande wa dirisha, wamevaa makoti na tepe zao za kahawia. Upande wa mlango walikaa watu wa Kariuki. Baba Mkubwa wake alikuwa mtu wa magari ya mizigo, tumbo mbele, pete mbili. Baba yake mzazi, Mzee Gathogo, alikuwa mkulima mdogo wa Murang'a, mwembamba, aliyeketi pembeni na kofia magotini kama mtu aliyesindikiza tu. Kariuki alikaa kati yao. Mimi nilikaribishwa nikasalimia kila mtu kwa mkono, kisha nikarudi jikoni, ambako ukisimama karibu na dirisha dogo linalotazamana na dirisha la chumba unaona nusu ya chumba na unasikia chote.

Mambo yalianza vizuri. Walikula. Mzee Okumu alisalimia kwa Kikikuyu bila kumwita mtu mbuzi, na wageni wakafurahi. Githinji akauliza kwa mafumbo kilichowaleta, nao wakajibu kwa mafumbo kwamba wameona mwanakondoo katika boma hili. Halafu Baba Mkubwa akaegemea nyuma na kuwatazama wazee wangu mmoja mmoja, kuanzia dirishani. "Kabla hatujaendelea," alisema, "nataka kujua baba wa huyu msichana ni yupi kati yenu."

"Ni sisi sote," alisema Mzee Okumu.

Baba Mkubwa akacheka. Hakuwa na hasira, alicheka tu, kama mtu aliyepewa mzaha mezani akaumalizia. "Nilikuwa nimesikia wanawake wa hivyo wapo," alisema. "Mtoto wa baba saba! Leo nimeona kwa macho."

Jikoni mama alikuwa ameshika sinia la vikombe. Alilishusha polepole mpaka likagusa meza bila mlio. Mama Atieno alimwekea mkono mgongoni. Ndani hakuna aliyesema neno. Nilimwona Kariuki, nusu ya uso wake, akiangalia ndani ya kikombe chake. Nilimngoja. Nadhani wote walikuwa wakimngoja, kwa sababu kimya kile kilikuwa kirefu kuliko adabu inavyoruhusu. Kisha Wanyonyi akasimama, na kichwa chake kikawa karibu na dari.

"Mzee, umeshiba?"

"Nimeshiba."

"Chai imekutosha?"

"Imenitosha, asante."

"Basi tunamshukuru Mungu. Mgeni kwetu hafukuzwi na njaa. Lakini mazungumzo yameisha. Siku mtakapopata neno lingine, njia mnaijua."

Akaenda akafungua mlango na kusimama kando yake, ameushika. Githinji, ambaye alikuwa amefunza kila hatua na hii haikuwamo, aliinamisha kichwa, kisha naye akasimama. Wote saba wakasimama. Baba Mkubwa alitoka akisema maneno ambayo sitayaandika. Mzee Gathogo alivaa kofia yake akaivua tena. Kariuki alinitafuta kwa macho pale dirishani, nami nilikuwa nimeshapiga magoti chini ya meza ya jikoni nikilia kwa aibu, na hakuniona.

Nilikasirika na wale wazee kuliko nilivyowahi kukasirikia mtu. Jumapili iliyofuata sikuosha vikombe. Niliingia kwenye chumba chao bila kubisha, nikasimama pale mama aliposimama, na kuwaambia yaliyonijaa: kwamba niliomba watu wa kuketi na wao wakasimama, kwamba tusi lilikuwa la mama na mama amezoea kutukanwa, kwamba wao watarudi kwa wake zao na mimi nitazeeka nikishona sare za watoto wa wenzangu. Nilipotua kuvuta pumzi Mzee Okumu aliniuliza, "Umemaliza?"

"Sijamaliza."

"Endelea, mwanangu."

Nikaendelea. Hakuna aliyenikatiza. Nilipomaliza kabisa, Wanyonyi alisema, bila ukali, "Yule mzee alitukana. Wazee hutukana, na kesho husahau. Mimi sikuwa namwangalia yeye. Nilikuwa namwangalia kijana, na kijana alikuwa anaangalia kikombe." Niliufunga mlango kwa kishindo, ngazi ikaanguka ndani. Nyumbani nilimkuta mama akichambua maharagwe, nikatarajia aniunge mkono, kwa kuwa yeye ndiye aliyeaibishwa mbele ya ploti nzima. Hakuinua uso. "Tangu nizaliwe," alisema, "sijaona mtu akisimama kwa ajili yangu. Niache kwanza."

Mwezi ukapita, na mwingine. Kariuki hakuja kwaya. Jumamosi zikaendelea kama kawaida. Nilidhani baada ya nilivyowatolea maneno hawatakuja tena, lakini walikuja, wakala, wakaulizia kazi. Niliwahudumia nimenuna. Mvua za masika zilipotoboa paa la jikoni Wanyonyi alipanda na nyundo akalirekebisha huku amelowa, na aliposhuka nilimpa taulo kwa sababu mama alinitazama. Alijipangusa, akaketi mlangoni. Kisha akaniambia, bila mimi kumuuliza, kwamba alikuwa na binti aliyeolewa Kitale. Alirudi nyumbani mara mbili na uso umevimba, na mara mbili yeye alimrudisha, kwa kuwaonea haya wakwe. "Ya tatu hakuja kwangu," alisema. "Tulisikia yuko Mombasa. Sijui anafanya nini." Alinirudishia taulo akiwa amelikunja vizuri, akaenda zake. Jumamosi yake iliyofuata nilimpikia chapati, na hakuna aliyeniambia nipike.

Kariuki alinitokea Eastleigh, First Avenue, nje ya mlango wa ngazi za Mama Halima, kati ya wauza pazia na mikokoteni. Alikuwa amekonda. "Niaje, Nyambura," alisema, kama tuliachana jana. Tuliingia kwenye mkahawa mdogo, tukaagiza chai ya maziwa na mahamri. Alisema amechoka na wazee, wake na wangu. "Tuishi tu. Watu wangapi wanaishi tu? Nimepata chumba kikubwa kidogo palepale Mukuru. Jumatatu unahama. Wazee watazoea wakiona mtoto." Nilimtaka. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli, na kwa sababu wajukuu wangu wanadhani sisi tuliolewa kwa kuamriwa. Nikifunga macho niliona chumba chenyewe, pazia nitakaloshona, sufuria zetu mbili. Nikafungua mdomo kukubali, na badala yake nikasikia ninauliza, "Siku ile, mbona ulinyamaza?"

"Ni Baba Mkubwa. Amenisomesha. Ningemwambia nini mbele ya watu?"

"Sikuulizi ungemwambia nini. Nakuuliza mbona ulinyamaza."

Aligeuza hamri kwenye sahani. Nje makanga wa matatu walikuwa wakigombana. Nilidhani atasema tena habari za shule, na kama angezisema nafikiri tungeishia hapo. Akasema, "Niliogopa."

Lilikuwa neno la kwanza la kweli kati yetu tangu Pasaka. Nilijua sasa kitu nilichokuwa sikijui kumhusu, na ajabu ni kwamba sikumdharau. Lakini sikuhama. "Basi siku utakayoacha kuogopa," nilimwambia, "unajua nyumbani kwetu." Niliacha chai nusu, nikarudi kwenye cherehani. Mama Halima aliona uso wangu, akavuta kiti, akanishonea pindo zangu mwenyewe mpaka jioni bila kuuliza.

Alikuja wakati mvua za vuli zilipoanza. Ilikuwa Jumamosi ya Githinji, naye alikuwa ndani na mkewe wakila viazi karai. Nilifungua mlango nikamkuta Kariuki, na nyuma yake baba yake, Mzee Gathogo, koti limelowa mabegani, kofia mkononi. Baba Mkubwa hakuwepo. Baadaye nilijua kwamba Kariuki alikuwa amekwenda Buruburu, alikohamia Baba Mkubwa, na kumwambia uso kwa uso kwamba alimtukana mama mkwe wake, na kwamba atarudi Dandora pamoja naye au bila yeye. Baba Mkubwa akamwonyesha mlango. Alikaa miaka mingi bila kusema naye. Kutoka hapo Kariuki alikwenda Murang'a kumchukua baba yake, aliyekuwa akipalilia kahawa, na mzee hakuuliza maswali mengi. Alinawa miguu akaja.

Githinji alisimama kuwapokea kwa mila yake yote. Mzee Gathogo alimsalimia vizuri, kisha akauliza, "Mwenye nyumba yuko wapi?"

"Wenye nyumba ni sisi," alisema Githinji.

"Najua, na mtanisamehe. Nauliza mwenye nyumba."

Akatoka nje tena kwenye mvua, akavuka hatua chache za ua, akainama kuingia kwenye kile kibanda cha mabati. Mama alikuwa anasonga ugali. Nilimfuata mzee mpaka mlangoni, sikujua kama nimzuie. Alitafuta pa kukaa, akaona kigoda cha kukalia mtu akichochea jiko, akakikalia, magoti yakamfikia kifuani. Sikuwa nimewahi kumwona mzee wa Kikikuyu akikaa jikoni kwa mwanamke asiye mkewe, na siku hiyo niliona.

"Mama Nyambura," alisema, "ndugu yangu alisema neno katika nyumba yako, nikalinyamazia. Mdomo ulikuwa wake lakini masikio yalikuwa yangu. Yeye ataomba lake akitaka. Mimi nimekuja kuomba langu."

Mama aliendelea kusonga. Moshi ulikuwa mwingi, kila mtu machozi yalimtoka, kwa hiyo siwezi kusema ya nani yalikuwa ya nini. Alikung'uta mwiko ukingoni mwa sufuria.

"Unakula kabichi?" aliuliza.

"Nakula."

"Basi sogea, utaungua hapo."

Ndivyo tulivyopatanishwa. Ndani, Githinji alituma mtoto wa jirani akawaite wenzake sita, na kabla sahani hazijaondolewa wote walikuwa wamefika, Mzee Okumu akiwa bado na nguo za kiwandani. Kariuki alisimama mbele yao bila kuambiwa, akasema aliyokuwa nayo, akimtazama kila mmoja. Alipofika kwa Wanyonyi akaongeza, "Nilinyamaza, baba. Sitanyamaza tena." "Utanyamaza," alisema Wanyonyi. "Sote hunyamaza. Lakini sasa unajua kurudi." Akamsogezea kiti.

Tulifunga ndoa kabla ya Majilio. Watu waliniuliza nani kati ya saba atanipeleka altareni, na wale wazee waligombana juu ya hilo wiki nzima, zaidi ya walivyogombana juu yangu mwanzo. Mwishowe nilishikwa na mama upande mmoja na Mzee Okumu upande wa pili, nao sita wakafuata nyuma wawili wawili na tepe zao, na Githinji alisikika akiwanong'oneza, "Polepole, si jeneza." Mama alicheka kwa sauti katikati ya kanisa. Baba Mkubwa hakuja. Miaka iliyofuata nilipata sababu za kugonga milango, kama Wanyonyi alivyosema. Kariuki alipofutwa kazi niligonga, mtoto wetu wa pili alipolazwa niligonga, na mara moja, mimi na Kariuki tulipokuwa hatuwezi kula meza moja, niligonga kwa Wanyonyi mwenyewe asubuhi na mapema. Hakunirudisha. Aliweka chai, akamtuma mtu amwite mume wangu, na tukakaa pale mpaka tulipoongea. Niliwazika mmoja mmoja. Kwa kila mmoja wao nilivaa kitambaa cha wafiwa.

Lakini siku ya harusi sikuwa nimejua hayo. Karamu ilifanyika uani kwetu, chini ya hema la parokia, na jua lilipokuwa likishuka Kariuki aliniambia ni wakati wa kwenda. Nilimtafuta mama nimuage. Nilikwenda jikoni kwa mazoea, na jikoni hakuwemo. Mle ndani walikuwamo wanaume, makoti yametundikwa kwenye msumari, mikono ya mashati imekunjwa, wakisugua masufuria kwa majivu na kubishana kuhusu nani ameacha maji yamwagike. Wanyonyi alikuwa amepiga magoti mbele ya sufuria kubwa ya pilau, kichwa chake chote kikiwa ndani. Mzee Okumu aliniona, akanionyesha kwa kidevu upande wa bomba.

Mama alikuwa huko, kwenye kiti kizuri cha kukodi chenye kitambaa cheupe, ameketi peke yake. Alikuwa amevua viatu. Miguu yake ilikuwa juu ya kreti ya soda, na mkononi alikuwa na kikombe cha chai ambacho mtu mwingine alikuwa amempikia na mtu mwingine angekiosha. Nilianza kumwambia kwamba tunaondoka, kwamba nitakuja Jumapili, kwamba asijichoshe. Aliniinulia kiganja.

"Ngoja," alisema. "Nimekaa."

Nikavuta kreti nyingine, nikainua gauni lisiguse matope, nikakaa naye mpaka alipomaliza chai yake.